Agosti Aliyorudi Kulmiye

"Jina?"

"Safiyo."

"Safiyo nani?"

"Safiyo Kulmiye."

Kalamu ya Nafiso ilisimama juu ya daftari. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika majina sitini na tatu bila kuinua kichwa, maana foleni ilikuwa ndefu na upepo wa Agosti ulikuwa ukipeperusha kurasa. Sasa aliinua. Mbele ya meza alisimama msichana wa miaka sita hivi, mwenye mtandio wa kijani uliofungwa vibaya, fundo chini ya sikio, kama unavyofungwa na mwanamume asiyezoea kazi hiyo. Macho yale aliyajua. Alikuwa amejikataza kuyakumbuka kwa miaka minane.

"Umekuja na nani, mama?"

"Na baba. Yuko pale kwa Kochi Ekeno. Amesema nikuje peke yangu, nisiogope."

"Na unaogopa?"

"Mimi siogopi," mtoto akasema. "Yeye ndiye anaogopa."

Nafiso aliandika jina lile polepole kuliko yote aliyoandika siku hiyo. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake, marehemu Safiyo, mama yake Kulmiye, aliyekuwa jirani yao hapo mtaani Bula Pesa, Isiolo.

Alipotazama upande wa pili wa uwanja, Kulmiye alikuwa amesimama chini ya ringi iliyopinda, mikono nyuma, akiikagua kama mtu anayemkagua mgonjwa. Alikuwa amenenepa kidogo mabegani. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Aligeuka, macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watoto wote wale, na Nafiso akayarudisha yake haraka kwenye daftari.

*Astaghfirullah*, akasema kimoyomoyo. Ndivyo alivyozoea kusema kila moyo wake ulipokwenda kule.

Kulmiye alikuja hadi hatua tatu mbele ya meza, akasimama hapo.

"Salaam aleikum, Nafiso."

"Waaleikum salaam."

"Ayeyo yuko?" Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na mtaa mzima ulimwita hivyo bibi yake Nafiso, Bi Luul.

"Yuko. Macho ndiyo yanamsumbua."

"Na baba?"

"Ameacha safari ndefu. Lori anampa dereva, yeye anakaa nyumbani na redio yake." Nafiso alifunga daftari. "Sikujua unakuja. Ekeno aliniambia tu amepata fundi wa kunyoosha ringi."

"Basi hakudanganya," Kulmiye akasema. "Fundi ni mimi."

Hakutabasamu, na Nafiso hakutabasamu, lakini wote wawili walitazama chini kwa wakati mmoja.

* * *

Kambi ile ya mpira wa kikapu ilianza 2014, mwaka wa pili tangu kaunti zianze, wakati Ekeno aliporudi kutoka chuo cha ualimu na mpira mmoja kwapani. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, ambayo watu walianikia mahindi. Ekeno aliifagia. Akatangaza kwamba likizo yote ya Agosti atafundisha watoto bure. Walikuja kumi na mmoja, wote wavulana.

"Wasichana hawatakuja kama hakuna mwanamke hapo," Ekeno alimwambia Nafiso, wakizungumza juu ya ua wa miti uliotenganisha nyumba zao. Walikuwa wamekua pamoja, Mturkana na Msomali, kila mmoja akijua siri za shule za mwenzake. "Njoo usimame tu."

"Nisimame nikifanya nini? Mimi huo mpira hata sijawahi kuushika."

"Simama ukikasirika. Hiyo unaiweza."

Alikwenda kusimama wiki moja. Akakaa miaka yote. Ringi ya kwanza ilitengenezwa na Kulmiye, kijana wa karakana aliyekuwa akijifunza kutengeneza pampu za visima. Aliipinda kutoka kwa bomba kuukuu la maji, akaichomelea, akapanda kuifunga huku watoto wakimpigia makofi. Alipotua chini, mtu wa kwanza aliyemtazama alikuwa Nafiso, na hakuharakisha kuondoa macho.

Mapenzi yao hayakuwahi kuwa na kificho kwa sababu hayakuwahi kuwa na faragha. Siku zote kulikuwa na watoto arobaini katikati. Kulmiye akitaka kumpa filimbi, aliiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja, naye akaichukua ikiwa bado na joto la mkono wake. Akitaka kujua kama ameshakula, alimtuma mtoto aulize. Jua likizama na watoto wakienda nyumbani, walikuwa na dakika zile chache za kukusanya mipira, Kulmiye upande huu, Nafiso upande ule, huku Ekeno ameketi katikati akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Nafiso," Kulmiye alimwita jioni moja ya Agosti ya tatu ya kambi. "Ukiolewa, mumeo atakuachia uje kambini?"

"Itategemea ni nani."

"Tuseme ni mtu wa Bula Pesa."

"Wa Bula Pesa ni wengi."

"Tuseme anachomelea vyuma."

Nafiso aliokota mpira wa mwisho, akaukumbatia kifuani. "Huyo," alisema, "atanikatazaje, na yeye mwenyewe hatoki hapa?"

Ekeno alifunga kamba za kiatu kilekile mara ya nne.

Wiki mbili baadaye wazee wa upande wa Kulmiye walikuja kuposa. Nafiso alikuwa jikoni anatwanga iliki ya chai, masikio yake yote sebuleni. Alisikia salamu ndefu, akasikia vicheko, akasikia mzee mmoja akianza maneno yenyewe. Kisha akasikia sauti ya baba yake, Abdinajib, ikiuliza kwa mshangao, kama mtu aliyekumbuka jambo wakati huohuo:

"Mama, hebu ngoja. Si wewe uliniambia marehemu Safiyo ndiye aliyemnyonyesha Nafiso?"

Nafiso alisimamisha mchi.

"Ndiyo," Ayeyo alijibu, baada ya muda mrefu. "Ni yeye."

Mama yake Nafiso alifariki katika hospitali ya Nairobi kwa maradhi yaliyompata alipomzaa, na Abdinajib alikuwa naye huko hadi mwisho. Mtoto alibaki Isiolo na nyanya yake. Kwamba kuna mwanamke aliyemnyonyesha, hilo Nafiso alilijua. Kwamba ni mama yake Kulmiye, alilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Na katika dini yao walionyonya ziwa moja ni ndugu, sawasawa na waliotoka tumbo moja. Hawaoani. Sheikh aliitwa, akauliza alinyonyeshwa kwa muda gani. Ayeyo akasema miezi minne. Hapakuwa na swali jingine la kuuliza. Marehemu Safiyo mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na mumewe, aliyekuwa na duka Merti miaka ile, hakujua lolote la mambo ya wanawake wa Isiolo.

Nafiso aliendelea kutwanga iliki hadi ikawa vumbi.

Kwa majirani ilisemwa tu kwamba familia hazikuelewana. Kulmiye alikuja uwanjani mara moja, kumuaga.

"Basi wewe ni dada yangu," alisema.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nini?"

Nafiso alimtazama akivuka uwanja mtupu, na juma hilohilo akasikia amekwenda Garbatulla kufunga pampu. Baadaye alisikia ameoa. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi yake katika maabara ya hospitali, akakataa wachumba wawili, na kila Agosti akachukua likizo yake ya mwaka kuja kuandika majina ya watoto.

* * *

Siku nne za kwanza za kambi walizungumza kuhusu ringi tu. Kulmiye aliinyoosha, akaifunga upya, akabadilisha neti. Halafu, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kufundisha. Alikuwa bado na ile namna yake ya kupiga magoti mbele ya mtoto kabla ya kumrekebisha, ili wawe urefu mmoja. Nafiso alijikuta akimtazama, akajigeuza, akajikuta tena.

Siku ya tano, watoto wakipumzika kivulini, Kulmiye aliketi kwenye ncha moja ya benchi. Nafiso alikuwa kwenye ncha nyingine.

"Mama yake Safiyo yuko wapi?" Nafiso aliuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu asubuhi ya kwanza.

"Garissa. Tuliachana mwaka juzi. Hatukugombana." Alichezea bisibisi mkononi. "Alisema amechoka kuishi na mtu anayekaa ndani ya nyumba kama anasubiri gari. Sikuweza kumwambia anakosea."

Nafiso alifungua daftari, akalifunga tena.

"Nimejaribu, Nafiso. Nimejaribu kukuona dada. Miaka minane. Nikisali najaribu, nikiwa njiani najaribu—"

"Nyamaza, Kulmiye. Watoto."

"Nanyamaza. Nilitaka ujue moja tu. Nimepata kazi ya visima Hargeisa, ndugu zetu wa huko wamenitafutia. Jumatatu naondoka na mtoto, na sidhani nitarudi huku. Nilitaka aone mahali hapa kwanza. Basi."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

Alisimama akarudi kwa watoto. Nafiso alibaki ameketi, akihesabu siku kwa vidole ndani ya mkono wa abaya yake kama mwanafunzi. Ilikuwa Ijumaa.

* * *

Nyuma ya ukumbi, Mama Ekeno alikuwa akikoroga uji wa watoto. Jina lake ni Akuam, lakini tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza hakuna aliyelitumia ila wazee wenzake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga shingoni na rozari juu ya shanga, na sufuria yake ya uji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwiko ulionekana kama kasia. Alimwona Nafiso akija, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Wewe na Kulmiye mna nini?"

"Hatuna kitu, Mama Ekeno."

"Ndiyo nauliza. Mbona hamna kitu? Siku tano nawaangalia. Mmoja akiangalia, mwingine anaangalia chini. Ile mambo yenu iliharibika wapi? Nilikuwa Lodwar namuuguza mama yangu, nikarudi naambiwa tu familia zimekataa. Zilikataa nini?"

Labda ilikuwa uchovu, labda ilikuwa ile Jumatatu. Nafiso alisema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa nje.

"Ni ndugu yangu, Mama Ekeno. Wa kunyonya. Mama yake ndiye aliyeninyonyesha nilipokuwa mtoto. Kwetu haiwezekani."

Mwiko ulisimama.

"Nani amesema?"

"Ayeyo."

"Luul? Luul amesema Safiyo alikunyonyesha wewe?"

"Mbele ya wazee na sheikh."

Mama Ekeno aliutoa mwiko, akauweka juu ya jiwe. Akaketi chini, miguu imenyooka, kama wanavyoketi watu msibani.

"Uji utaungua," Nafiso akasema.

"Wacha uungue." Aliifuta mikono kwenye leso yake. "Mwaka huo mimi nilikuwa nateka maji ya nyumba yenu. Mitungi sita kwa siku, na mimba, halafu na mtoto mgongoni. Mama yako alipobebwa kwenda Nairobi, wewe ulikuwa na siku sita. Ukipewa maziwa ya kopo unatapika. Ukipewa ya ngamia unatapika. Safiyo alikuwa amekuja kutoka Merti kumsaidia nyanya yako, hiyo ni kweli. Lakini Safiyo hakuwa na maziwa hata tone. Kulmiye alikuwa ameshaachishwa, na yeye ana mimba nyingine, ile iliyokuja kuharibika. Alikuwa analia tu."

"Mama Ekeno..."

"Ngoja nimalize. Asubuhi moja, jua halijatoka, nasikia hodi. Ni Safiyo, amekubeba ndani ya shuka. Amekuja mbio, hana hata viatu. Anasema, 'Akuam, huyu mtoto anakufa.' Nilikuwa na Ekeno wa miezi mitatu. Nikampa Ekeno huku, nikakupa wewe huku." Aligusa kifua chake, kwanza kulia, kisha kushoto. "Ulishika kama mtu ameshika ukuta asianguke. Miezi minne, Nafiso. Safiyo alirudi Merti baada ya wiki mbili, nyanya yako akaendelea kukuleta mwenyewe, akipitia nyuma."

Nafiso alisikia watoto wakipiga kelele uwanjani, mbali sana, kama kelele za mji mwingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Luul aliniomba. Alikuja na leso mbili na sukari, akasema, 'Akuam, hii ibaki kwetu.' Nikasema sawa. Leso sikuzihitaji. Nilikuwa nakuona asubuhi ukienda shule umevaa sare, nasema, huyu nimemsukuma kidogo kuja duniani. Ilinitosha." Sauti yake ilikwaruza. "Nilijua nimenyamazia aibu ya mtu mzima. Sikujua nimenyamazia maisha yako."

Nafiso alipiga magoti kwenye vumbi, akaweka kichwa chake pale kifuani, juu ya shanga na rozari, na mwanamke yule akamshika kisogoni.

Ekeno aliwakuta hivyo, filimbi shingoni. "Mama, watoto wana njaa, na hiyo harufu ya kuungua tumeisikia mpaka kwa ringi."

"Ekeno," mama yake akasema, "salimia dada yako."

Akaelezwa kwa maneno matano. Alisimama kinywa wazi, akavua kofia, akaivaa tena. "Ndiyo maana," alisema mwishoni, machozi yakimlengalenga. "Mtu wa kunichosha hivi miaka yote lazima angekuwa ndugu."

* * *

Ayeyo Luul alikuwa kwenye mkeka, amemaliza sala ya alasiri, tasbihi mkononi. Abdinajib alikuwa kwenye kiti chake na redio. Nafiso hakuvua hata viatu.

"Ayeyo, ni nani aliyeninyonyesha?"

Shanga za tasbihi ziliacha kusogea. Redio iliendelea kidogo, kisha Abdinajib akaizima.

"Nimetoka kwa Mama Ekeno," Nafiso akasema. "Nimeuliza ili useme wewe mwenyewe."

Bi Luul alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini aliyainua moja kwa moja hadi ulipo uso wa mjukuu wake.

"Ni Akuam," alisema.

"Mama!" Abdinajib alisimama. "Uliniambia Safiyo. Nilitaka hata kwenda kumshukuru."

"Nikakuambia wanawake hawashukuriwi kwa jambo hilo mbele ya watu. Nakumbuka." Alimeza mate. "Ulikuwa umerudi kutoka kumzika mkeo. Uliniuliza mtoto anaishi kwa maziwa ya nani. Niliona haya, Abdinajib. Jamaa yangu yote hii, sikupata mwanamke mmoja mwenye maziwa, hadi nikambishia hodi yule anayetutekea maji. Niliogopa vinywa vya wanawake. Nikasema Safiyo. Ulikuwa uongo wa siku moja tu. Nilifikiri umeisha hapo."

"Na siku ya posa?" Nafiso aliuliza.

"Baba yako aliuliza mbele ya watu kumi na wawili. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Ndiyo," Bi Luul akasema. "Ningesema kweli. Uliporudisha mchumba wa kwanza nilijua ni kwa ajili yangu. Wa pili pia. Kila sala nasema kesho nitamwambia. Kesho nimekuwa nayo miaka minane."

Nafiso alikuwa amekuja akifikiri atapiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Miaka minane nimemwonea Mungu haya, Ayeyo. Nikimkumbuka natubu. Nikiamka nimemwota natubu. Nilidhani mimi ni mtu mchafu anayempenda kaka yake. Unajua hiyo ni kitu gani, kuishi nayo, na usiweze kumwambia mtu?"

Bi Luul alilia bila kufunika uso. Abdinajib alitoka nje, na kupitia dirishani wakamwona akifungua mlango wa lori lililoegeshwa uani, akapanda, akaketi nyuma ya usukani bila kuwasha injini. Alikaa huko kwa muda mrefu.

"Nishike mkono," Bi Luul akasema hatimaye. "Nipeleke kwa Akuam."

"Ayeyo, pumzika kwanza—"

"Nimepumzika vya kutosha. Nipitishe mbele. Barabarani, watu wanione."

Walikwenda polepole, mkono wake mkavu ndani ya mkono wa Nafiso, wanawake wa mtaa wakisimamisha mazungumzo kuwatazama. Mlangoni kwa Mama Ekeno, Bi Luul aliita kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu.

"Akuam! Ni Luul. Nimekuja kusema asante, na nimechelewa."

Mama Ekeno alitoka, akamtazama, akaenda ndani kuleta kiti chenye mto. Abdinajib alikuwa amewafuata kwa nyuma. Alisimama mbele ya yule mwanamke aliyemfahamu maisha yake yote, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Kisha akaenda moja kwa moja msikitini kumtafuta sheikh. Aliporudi, sala ya magharibi ilikuwa haijaingia. "Amesikiliza yote," alimwambia binti yake, bila kumtazama. "Amesema hakuna kizuizi. Hakikuwahi kuwepo."

* * *

Jumamosi Nafiso alifika uwanjani kabla ya watoto. Kulmiye alikuwa tayari pale, akikwangua kutu kwenye nguzo, maana alitaka kupaka rangi kabla ya kuondoka. Mlima wa mbali ulionekana safi upande wa kusini, kama unavyoonekana asubuhi tu, kabla ya vumbi.

Nafiso alimwambia yote akiwa amesimama, bila kupamba. Alipofika pale pa hodi ya alfajiri, Kulmiye aliweka chini brashi ya waya.

"Mama alikubeba?"

"Hadi kwa Mama Ekeno. Bila viatu."

"Kwa mikono yake mwenyewe."

"Kwa mikono yake, Kulmiye. Kama si yeye nisingekuwepo."

Aliketi pale pale kwenye saruji. Kwa muda hakuwa akifikiria posa wala wazee; Nafiso aliona hilo usoni mwake. Alikuwa na mama yake moyoni. Nafiso alimwacha akae naye.

Kisha Kulmiye aliinua kichwa, na macho yalikuwa yamebadilika.

"Miaka minane."

"Usihesabu."

"Nahesabu, Nafiso. Nina haki. Nilimuoa mtoto wa watu nikamharibia ujana wake. Nililala Garbatulla juu ya mabomba nikijiita jina baya. Wewe hapa umekaa unaandika majina ya watoto wa watu. Kwa sababu ya nini? Aibu ya mitungi ya maji?"

"Nimemwambia Ayeyo hayo yote. Amelia, akaenda kumshukuru Mama Ekeno mbele ya mtaa mzima."

"Na kulia kwake kunarudisha nini?"

"Hakuna. Hakurudishi chochote."

Alisimama, akatembea. Alizunguka uwanja wote, ukingoni kabisa, mikono kichwani, na Nafiso akamwacha azunguke. Mara ya pili mwendo ulikuwa umepungua. Mara ya tatu alikuja akasimama mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Hargeisa wananisubiri Jumatatu."

"Najua."

"Nimewapa neno langu."

"Najua, Kulmiye."

"Basi sema kitu. Siku zote mimi ndiye nasema, wewe unaangalia chini. Leo sema wewe."

Nafiso hakuangalia chini. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

"Usiende," alisema. "Nataka ubaki. Wewe na Safiyo. Nimekutaka tangu siku ile ulipopanda juu ya nguzo ile pale, nikakutaka ilipokuwa dhambi, na leo imekuwa halali na sijui hata niuweke wapi huu moyo. Usiende."

Kulmiye aliokota brashi yake ya waya, akaiegemeza kwenye nguzo. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi la kwanza la asubuhi.

"Baba yako yuko nyumbani jioni?" aliuliza.

"Yuko. Tangu alfajiri amevaa koti lake la sherehe, ameketi mlangoni. Hakuna aliyemwambia kuna mgeni."

Kulmiye alianza kucheka. Kicheko kilimkatikia njiani, akafunika uso kwa viganja vyake viwili vilivyojaa kutu, mabega yakitetemeka, na Nafiso akasimama pale pale mbele yake, akimsubiri, huku watoto wa kwanza wakiingia uwanjani mbio.